Lifti Isiyozinduliwa na Goti la Mheshimiwa

"Wananchi wote mnatangaziwa, mnaotembea, mnaochechemea na mnaobebwa, kwamba kuanzia Jumatatu kitengo cha fiziotherapia cha hospitali yetu kitahama kutoka hapa chini karibu na lango, na kwenda ghorofa ya nne, kwa lengo la kusogeza huduma karibu na mwananchi."

Ndivyo alivyosoma Katibu wa Hospitali kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake ya vikao, nzito na iliyopigwa pasi. Alipomaliza akatulia kusubiri makofi. Wagonjwa waliojaa uani hawakupiga, maana wengi wao mkono mmoja ulikuwa hauinuki na ndicho kilichowaleta. Katibu akauchukulia ukimya ule kuwa ni kukubali kwa kauli moja, na akauandika hivyo kwenye taarifa.

Sasa usije ukadhani Katibu alikuwa mtu mbaya. Hasha! Alikuwa mtu safi, viatu vinang'aa, hachelewi kazini, hajala cha mtu. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alikuwa anaamini. Wizara ikisema kuanzia mwezi ujao jua litachomoza kwa awamu, yeye angekwenda moja kwa moja kurekebisha saa ya ukutani. Na kwa imani hiyo alitarajia siku moja kuitwa Mkurugenzi Msaidizi, cheo alichokuwa akikiota mpaka mkewe alikuwa anamsikia usingizini.

Wizara ilikuwa imeuliza swali. Iliziuliza hospitali zote za umma: mtaalamu wa fiziotherapia majukumu yake hasa ni yapi, na matokeo yake yanapimwaje? Swali zito. Likaundiwa kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikakaa tena. Mpasuaji alisema kazi yake inaonekana kwa macho, mtu anaingia na uvimbe na anatoka bila uvimbe. Lakini huyu wa fiziotherapia? Mgonjwa wa kiharusi anakuja leo ananyoosha kidole. Anakuja kesho ananyoosha kidole kile kile. Mwezi unakwisha, kidole kimoja! Waziri hawezi kusimama bungeni na kidole kimoja.

Kamati ikamwita mwenyewe ajieleze. Mwenyewe alikuwa mwanamke mkakamavu, msomi wa kazi yake, mwenye sauti ya refa na ulimi usio na breki. Hospitali nzima ilimwita Bi Nyoosha, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloamka nalo na kulala nalo.

"Namchunguza mtu anavyojongea," alisema Bi Nyoosha. "Naona kipi kimekufa na kipi kimelala tu. Namfundisha upya kukaa, kusimama, kutembea, kufunga vifungo vya shati. Nawafundisha jamaa zake kumwinua bila kuvunja mgongo wake wala wao. Na nyie wazima nawafundisha msije mkafika kwangu, ila hamsikii."

"Kwa kifupi, unakanda," alisema mwenyekiti wa kamati.

"Sikandi!"

"Katibu, andika hapo: anakanda."

Katibu akaandika. Na jioni ile ile, akishuka ngazi, likamjia wazo lililomfanya asimame katikati, mguu mmoja hewani. Kitengo kikiwa ghorofa ya nne, kila atakayekifikia kwa miguu yake ni dhahiri kwamba anatembea. Anayetembea amepona. Asiyeweza kufika, hajafika, na asiyefika hawezi kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa kitengo. Hapo kuna ubishi gani? Katibu alijisikia kutaka kujikumbatia.

Mambo yakaenda vizuri ajabu. Wiki ya kwanza walifika watu wawili, fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa na mama mmoja aliyekuwa akitafuta chumba cha meno. Wote walikutwa wazima. Mafanikio, asilimia mia moja! Wizara ikapiga simu kupongeza, na Waziri akasema atakuja mwenyewe kukizindua kitengo.

Utauliza, lifti je? Lifti ilikuwepo, nzima kabisa, mpya, bado inanukia plastiki. Ila ilikuwa haijazinduliwa. Ilisimama chini kabisa, milango imefungwa, na mbele yake umekazwa utepe mwekundu. Waziri alikuwa ameshatoa agizo kwamba hakuna mali mpya ya umma itakayotumika kabla hajaizindua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mkasi wake. Agizo hilo lilitoka baada ya Naibu Waziri kuzindua kisima cha zahanati moja wakati bosi wake yuko safarini, na kina mama wakampigia vigelegele mpaka vikasikika redioni. Waziri akaapa haitatokea tena. Naibu akishaonja mkasi, alisema, harudi kushika sinia la utepe. Sasa Waziri angekuja kuzindua kitengo, na lifti ingesubiri siku yake, kwa kuwa sherehe mbili haziwezi kuchanganywa kwenye hotuba moja.

Na kile chumba cha chini alichohama Bi Nyoosha hakikuachwa kilie. Kiligeuzwa kuwa Chumba cha Mapumziko ya Viongozi, kikatiwa makochi manene ya kuzama. Hata choo chake cha ndani kilibaki kama kilivyokuwa, pamoja na vile vyuma vya ukutani vya kushikilia ambavyo Bi Nyoosha aliwahi kuvigombania mpaka akaitwa mchochezi.

Nyumbani kwa Katibu, kwa bahati mbaya, mambo hayakuwa ya asilimia mia. Alikuwa akiishi na mkewe na baba yake mkewe, mzee fundi seremala aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Randa. Milango ya nusu ya mji ule ilitoka mikononi mwake. Kisha siku moja kiharusi kikampiga akiwa kazini, upande wa kulia ukazima, randa ikamdondoka. Kwa muda mrefu alikuwa akipelekwa kwa Bi Nyoosha, pale chini karibu na lango. Alianza kwa kidole, kweli. Kikaja kiganja, ukaja mguu, na ikafika siku akasimama akishikilia ukuta, huku Bi Nyoosha akipiga kelele, "Nyoosha goti, mzee, nyoosha! Ukuta hauna haja nawe!" Ilibakia kidogo tu atembee.

Halafu kitengo kikasogezwa karibu na wananchi.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuvaa tai, Katibu alimbeba baba mkwe wake kumpeleka chooni. Hebu fikiria mwenyewe. Mkwe ni mtu wa kumwamkia kwa heshima na kumkalia mbali, na hapa mmoja amening'inia shingoni mwa mwenzake, pajama linashuka. Katibu aliinama kama alivyofundishwa na Bi Nyoosha zamani zile, wakati jamaa wa wagonjwa wakiitwa kufundishwa: "Kunja magoti, si mgongo! Mlete karibu na kifua! Huyo si gunia, anasikia!" Na ili wasifedheheke, wakwe hao walikuwa wamejiwekea utaratibu. Hawakutazamana. Walitazama juu, wakazungumzia paa.

"Bati lile, bwana mkwe, naona lina kutu," Mzee Randa angesema.

"Lina kutu kweli, baba."

"Misumari yake imelegea."

"Itabidi ikazwe, baba."

Na bati lenyewe halikuwa na neno.

Asubuhi ya siku ya ujio wa Waziri, Katibu aliinama kumbeba mzee, na mzee akakataa.

"Leo sina haja," alisema. Midomo ilikuwa imemkauka, imepasuka pasuka.

"Hata jana hukuwa na haja, baba."

Mkewe Katibu akatokea jikoni na kikombe mkononi, macho mekundu. "Hana haja kwa sababu hanywi maji! Nimemgundua leo. Kila nikimpa anamwagia ua dirishani. Ua limestawi, baba yangu anakauka!"

Katibu akageuka. "Baba, ni kweli?"

"Maji yana usumbufu," alisema Mzee Randa. "Yakiingia yanataka kutoka. Yakitoka yanataka mkwe. Nimetengeneza milango maisha yangu yote, bwana mkwe, sasa nashindwa kujifungia mlango mmoja." Akaangalia ukutani. "Mwisho wa mwezi nakwenda zangu kwenye banda langu la useremala. Huko nitatambaa, lakini nitatambaa peke yangu."

"Huko utakufa, baba!" mwanawe akalia.

"Si nitakufa nimejifungia mlango?"

Katibu akafungua kinywa atoe maelezo. Alitaka kusema kwamba huduma ipo, milango iko wazi, mzee ajitahidi tu kupanda.

"Nikiweza kupanda mpaka huko," mzee akamwahi, "nitakuwa nafuata nini?"

Katibu akaiokota tai yake, akatoka chumbani. Mkewe akamfuata mpaka mlangoni. "Wewe ndiye uliyempeleka baba yangu ghorofani. Kama una akili, mshushe." Katibu akafunga tai vibaya, akaenda kumpokea Waziri.

Mheshimiwa Waziri aliwasili kwa msafara, tumbo likitangulia. Akahutubia pale uani kwa moto mkali. "Ndugu wananchi! Aliyepanda amepona! Ngazi ni daktari asiyedai posho! Kuanzia leo nasema, kubebwa ni mawazo tu, kubebwa kuko kichwani!" Vyombo vya habari vikapiga picha. Kisha akaanza kupanda, nyuma yake Naibu Waziri na sinia la mkasi, Katibu, walinzi na maofisa wa Wizara.

Ghorofa ya kwanza aliipanda akipunga mkono. Ya pili aliipanda akipunga mkono mmoja na mwingine ukiwa kwenye chuma cha ngazi. Ya tatu alisimama muda mrefu kukagua rangi ya ukuta, akasema ni rangi nzuri, akaikagua tena. Kwenye daraja la mwisho kabisa la ghorofa ya nne goti lake la kushoto likalia kama kijiti kikavu, likagoma. Wakamburuta kwa heshima mpaka kwenye kitanda cha mazoezi.

Bi Nyoosha alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, Mheshimiwa. Umepanda kwa miguu yako?"

"Kwa... miguu... yangu," akahema Waziri.

"Basi umepona. Hongera sana, unaweza kwenda."

"Siwezi kwenda!"

"Aliyefika amepona. Ndivyo tulivyoagizwa."

Katibu akamsogelea, kijasho chembamba kikimtiririka. "Bi Nyoosha, mtazame bwana, acha utani."

"Utani wa nani? Si wewe uliyetunga?" Lakini alikuwa ameshapiga magoti, na mikono yake ilipogusa lile goti utani ukamtoka. Akalikunja polepole, akalikunjua, akabonyeza paja. "Limevimba. Na misuli inayolishika imelala miaka. Lipumzishwe kwanza, kisha mazoezi kila siku, kwa wiki kadhaa. Utatembea, Mheshimiwa. Ila kushuka ngazi ndiko kutakuwa kwa mwisho kabisa, goti halipendi kushuka."

"Nichome sindano nishuke leo."

"Sina sindano."

"Basi nikande."

"Sikandi."

"Imeandikwa kwamba unakanda!"

"Basi mwambie aliyeandika akukande."

Wote wakamtazama Katibu, naye akatazama dari.

Wakajadiliana namna ya kumshusha. Machela haikufaa, kwa sababu chini waandishi walikuwa wanasubiri na kamera, na kubebwa kulikuwa kumeshatangazwa kuwa ni mawazo tu. Mtu mmoja akataja lifti, akajuta. Lifti haijazinduliwa, na wa kuizindua ni Waziri, na Waziri yuko juu, na utepe uko chini. Ofisa mwingine akauliza kama haiwezi kuitwa ije juu, ikazinduliwe huku huku. Kuiita, akaelezwa, ni kuitumia. Naibu Waziri akakohoa kidogo, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye angeweza kushuka mara moja na mkasi.

"Kaa chini!" akanguruma Waziri.

Basi ikaamuliwa kwamba Mheshimiwa hajakwama. Yuko kwenye ziara ya kikazi ya kina, ghorofa ya nne, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Waandishi wakaambiwa hivyo na wakaandika hivyo.

Ila mwili hausomi taarifa kwa vyombo vya habari. Ukafika wakati ambao cheo hakimsaidii mtu. Waziri akaanza kujinyonganyonga kitandani, akamwita Katibu kwa kidole, akamnong'oneza. Choo kilikuwa mwisho wa korido. Walinzi walipoulizwa wakasema wao walifunzwa kumlalia Mheshimiwa kwa juu hatari ikitokea. Kumwinua kutoka chini ni idara nyingine. Maofisa wa Wizara wote kwa pamoja wakapigiwa simu, hata wale ambao simu zao zilikuwa zimezimwa.

Katibu akavua koti. Akakunja magoti, si mgongo. "Nishike shingoni, Mheshimiwa. Karibu na kifua, hivyo hivyo." Na akanyanyuka naye, jamani, mtu mzima na tumbo lake, akaishika korido.

Nusu ya njia Waziri alikuwa amefumba macho kwa aibu, masikio yamemwiva. Mdomo wa Katibu ukafunguka wenyewe kwa mazoea. "Dari hili, Mheshimiwa, naona lina alama ya maji."

Waziri akafumbua jicho moja. "Lina alama kweli," alisema kwa sauti nyembamba.

"Litakuwa linavuja."

"Litazibwa," akasema Waziri, na machozi yalikuwa karibu.

Waliporudi, Bi Nyoosha alimmiminia Waziri glasi ya maji. Waziri akaikataa. Alikuwa ametoka tu kuujua usumbufu wake. Katibu alipoiona ile glasi ikirudishwa mezani imejaa, alihisi kama mtu amempiga kofi, akakaa juu ya boksi la makaratasi bila kulifuta vumbi.

Jioni alirudi nyumbani, akaketi kwenye mkeka karibu na kitanda cha Mzee Randa, karibu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Baba, leo nimembeba Waziri."

Mzee Randa akageuza shingo. "Kumpeleka wapi?"

"Huko huko."

"Mzito?"

"Mzito sana, baba."

"Mkazungumza nini?"

"Dari."

Kicheko kilianzia tumboni kwa mzee, kikapanda taratibu, kikamtoka upande mmoja wa mdomo. Katibu naye akashindwa kujizuia. Walicheka, wakwe wale, mpaka mke wa Katibu akaja mbio akidhani kuna msiba. Walipotulia Katibu akamsogezea mzee kikombe cha maji. "Kunywa, baba. Nilikosea mimi. Nilikupandisha juu, nitakushusha. Nipe mwezi huu tu, usiende zako." Mzee alimtazama machoni, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu augue, kisha akanywa. Alikunywa chote, na ua la dirishani siku ile likakosa.

Katibu alijua njia moja tu ya kutenda jambo jema, nayo ni waraka. Kesho yake akautoa. Ulisema kwamba kwa kuwa kiongozi sasa yuko ghorofa ya nne, Chumba cha Mapumziko ya Viongozi hakiwezi kubaki mbali na kiongozi anayepumzika, hivyo makochi yapandishwe mara moja. Na kwa kuwa kitengo cha fiziotherapia kitaleta kelele za "nyoosha" karibu na Mheshimiwa, kishushwe chini kwenye chumba kilichoachwa wazi, kwa muda, mpaka goti litakapoamua. Waziri akatia saini bila kusoma, maana aliona neno "makochi".

Mungu wangu, siku ile! Makochi yalikuwa manene na ngazi nyembamba. Maofisa waliyapandisha migongoni wakitukana kimoyomoyo, huku wanateremka na baiskeli za mazoezi. Bi Nyoosha alisimama kwenye kona akiwapigia kelele, "Magoti, jamani, kunjeni magoti! Kesho mtakuja kunililia!" Na kesho yake kweli walikuja, wameshika viuno, wakakaa kwenye foleni moja na wagonjwa wa kiharusi. Mzee Randa alikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Aliletwa kwa bajaji, akashuka hatua chache kutoka mlangoni.

Huko juu Wizara ikahamia yote. Ilibidi. Hakuna kinachokwenda bila saini ya Waziri, na Waziri alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Wakurugenzi walipanda asubuhi na faili, wakafika hawana pumzi ya kusema walichofuata, wakateremka, wakakumbuka, wakapanda tena. Bi Nyoosha naye alipanda kila siku kumfundisha Mheshimiwa mazoezi yake. Unyooshe mguu, uuinue, uuhesabie, uushushe taratibu. Tena na tena.

"Haya ni mengi," alisema Waziri siku ya pili. "Mimi nina majukumu ya kitaifa. Nayakasimu."

"Unayafanyaje?"

"Nakasimu madaraka. Katibu, andika: iundwe Kamati ya Mazoezi ya Goti la Waziri. Mwenyekiti, Naibu Waziri. Wafanye kwa niaba yangu na waniletee taarifa."

Bi Nyoosha alikaa kimya, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kushuhudiwa hospitalini. Kisha akacheka mpaka akashikilia ukuta. "Mheshimiwa, kuna vitu viwili mtu hamtumi mwenzake. Hiki ni kimoja. Kile kingine Katibu anakijua."

Lakini kamati iliundwa. Kila asubuhi Naibu Waziri na wajumbe walijilaza sakafuni kwenye korido, wakainua miguu kwa niaba ya taifa. Kisha wakapanda na kushuka ngazi. Taarifa zilikuwa nzuri mno: goti linaendelea vizuri, paja limekaza, pumzi imeongezeka. Waziri alizisoma akiwa amelala, akafurahi, akashangaa kwa nini lake halisikii habari hizo. Na Katibu aliendelea kumbeba, asubuhi na jioni, akizungumzia dari. Siku moja wakiwa njiani Mheshimiwa akiwa shingoni mwake alimwahidi cheo. "Mkurugenzi Msaidizi," alisema, "Mwendo wa Viongozi." Katibu akashukuru. Ajabu ni kwamba usiku ule hakuota chochote.

Kwa sababu huko chini kulikuwa na habari kubwa kuliko hiyo. Mzee Randa alikuwa amesimama bila ukuta. Halafu akapiga hatua. Halafu Bi Nyoosha akampa mkongojo, mzee akaugeuza geuza, akasema umerandwa ovyo, akautembelea.

Mwezi ulikuwa unakatika Naibu Waziri alipofanya alichofanya. Wengine husema alipanga, mwenyewe anasema miguu ndiyo iliyompeleka. Walikuwa kwenye zoezi la ngazi. Akashuka ya tatu, akashuka ya pili, akashuka ya kwanza, hahemi wala hatoki jasho, akajikuta mbele ya lifti na utepe. Na mkasi, kama kawaida yake, alikuwa nao. Ukakatika! Wagonjwa waliokuwa uani wakapiga makofi, maana sasa mikono ilikuwa inainuka, na kina mama wakatoa vigelegele vile vile vya kisima.

Ofisi ya juu kabisa ya nchi haikuchelewa. Ilitoa tamko fupi redioni. Agizo lipo, ilisema, kwamba lifti ile itazinduliwa na Waziri peke yake. Lifti imezinduliwa. Maagizo hayakosei. Hivyo aliyeizindua ndiye Waziri.

Basi ghorofa ya nne ikahamwa kama nyumba inayoungua. Wizara nzima ilijazana kwenye lifti kwenda kumpongeza Waziri, ikashuka na faili, na kahawa, na ufunguo wa choo. Akabaki Mheshimiwa wa zamani kwenye kochi, na Katibu peke yake amesimama mbele yake.

"Ni uvumi," alisema Mheshimiwa. "Utakanushwa." Kisha uso ukambadilika. "Katibu. Naona hali si nzuri."

"Choo kimefungwa, Mheshimiwa. Wamekwenda na ufunguo."

"Basi fanya upesi, bwana!"

Katibu angeweza kumwacha. Cheo kilichoahidiwa kilikuwa kimeshateremka na lifti. Lakini alikunja magoti, si mgongo, akambeba, akabonyeza kitufe, na lifti ikaja juu ikinukia plastiki, ikawashusha wawili hao mpaka chini. Milango ikafunguka. Foleni yote ya Bi Nyoosha ikawaona, waandishi nao wakawaona, na Mheshimiwa akajificha uso kwenye bega la Katibu.

"Kile cha ndani," akanong'ona. "Cha viongozi. Kimbia."

Katibu akakimbia naye mpaka kwenye mlango wa choo kile chenye vyuma vya ukutani. Akausukuma. Umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Mheshimiwa akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaugonga kwa ngumi.

"Fungua! Fungua hapo! Unajua mimi ni nani?"

Ndani ukasikika mkongojo ukiegemezwa ukutani pasipo haraka. Kisha sauti ya mzee, tulivu, iliyoshiba, sauti ya mtu aliyefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Kuna mtu humu."

Katibu aliijua sauti ile. Akatazama foleni, akamwona mkewe amesimama na kikombe kitupu mkononi, analia na kucheka, na Bi Nyoosha pembeni yake anamnyooshea Katibu dole gumba.

"Atatoka lini?" akauliza Mheshimiwa kwa unyonge, akijikunyata kifuani pake.

"Huyo hatutamharakisha," alisema Katibu. Akamweka vizuri, karibu na kifua, akainua macho. "Mheshimiwa, hebu tazama dari la huku chini. Unalionaje?"